Polo la bayocha ya vifuu, na chokaa: nilichokiona kwenye mchicha wangu, Mwera, Unguja

Polo limeandikwa "Huondoa sumu ardhini". Si kweli, ingawa bidhaa yenyewe naisifu. Bayocha, yaani mkaa wa kutiwa udongoni, haiondoi risasi wala kadimiamu, metali zenye sumu. Inazishika tu, zikabaki mle mle udongoni bila ya kunywewa sana na mizizi. Ukiliuza konde kesho, mnunuzi anachukua na risasi yake.

Konde langu ni kinongo, udongo mwekundu, na pembe moja watu walikuwa wakivunja betri za gari na kuchoma nyaya. Mchicha wa pembe ile ulidumaa, majani yakawa manjano, mizizi mifupi yenye rangi ya kutu. Upande wa pili wa mwembe, mbegu ile ile ilistawi. Maabara walikuta risasi na kadimiamu, na udongo mchachu, pH 5 na ushei (pH ni kipimo cha uchachu, kikishuka uchachu unazidi). Uchachu ndio uliokuwa ukiniumiza zaidi, kwa sababu kwenye udongo mchachu metali hizi huyeyuka na mmea huzinywa pamoja na maji. pH ikipanda hadi kama 6.5, sehemu kubwa ya metali huganda.

Kwa hiyo nusu ya kazi ilifanywa na chokaa, inayopunguza uchachu, si na polo. Chokaa kwetu si ya kutafuta, matanuu yanachoma mawe ya matumbawe. Nilitia kiasi cha gramu 200 kwa mita ya mraba. Ni kali, imwage wiki kadhaa kabla ya kupanda, na usiichanganye na samadi mbichi: ile harufu inayokutoa machozi ni naitrojeni yako inayopaa.

Sasa bayocha. Imechomwa vizuri, vifuu vimeiva mpaka ndani, ukiivunja inalia kama kigae. Lakini chenga ni kubwa mno, ikabidi tuzitwange kwenye kinu cha zamani (mama mkwe hakupendezwa). Na hakuna popote walipoandika kwamba isitiwe kavu. Ikitiwa kavu hujivutia chakula cha mimea na msimu wa kwanza unapata mchicha mnyonge. Bibi shamba ndiye aliyetwambia tuiloweke kwanza kwa maji ya samadi. Tuliweka kilo moja hadi mbili kwa mita ya mraba, tukaichimbia mpaka kina cha mizizi. Kwa bei yake, eka nzima huwezi. Kwa matuta machache yenye tatizo, inawezekana.

Mizizi imetoka myeupe na mirefu, na majani yamerudi kijani. Hilo halikunitosha, kwani mchicha unaweza kupendeza machoni na bado ukabeba kadimiamu. Nikapeleka majani kupimwa. Kiwango cha Codex, kanuni za kimataifa za chakula, kwa mboga za majani ni miligramu 0.2 za kadimiamu kwa kilo na 0.3 za risasi. Kadimiamu ilikuwa chini ya hapo. Risasi ilikuwa ndani ya kiwango kwenye majani yaliyooshwa tu, yasiyooshwa yalizidi. Risasi haipandi sana kutoka mizizini, nyingi hukaa juu ya jani pamoja na vumbi na tope la mvua. Bayocha haina dawa ya hilo. Sasa matuta nayafunika majani makavu ya mgomba, na mboga naiosha kwa maji mengi.

Tena nitanunua, nikijua kwamba chokaa itarejewa kila uchachu unaporudi, na udongo utapimwa kabla. Anayeshuku arseniki, sumu nyingine ya udongoni, tuseme palipowekwa nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa, asikimbilie chokaa: arseniki huzidi kutembea pH inapopanda.

Na nyie wa Makunduchi na Micheweni mnaolima kwenye maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe, chokaa msinunue kabisa. Udongo wenu unayo tayari. Mkiongeza, zinki na chuma vitakwama na majani yatageuka manjano. Pesa hiyo tieni kwenye mboji.