Tochi ya kichwani kwa mzazi na mtoto wanaotafuta nyoka Msimbati

Binti yangu alipopata habari za yule nyoka mdogo wa jangwa la Namib, wa jamii ya kifutu, anayejifukia mchangani na kubakiza macho tu, hakunipa nafasi ya kupumua mpaka niliponunua tochi hii ya kichwani, ya kuchaji, katika duka moja la vifaa vya umeme mjini Mtwara. Jangwa hatuna, ila mchanga wa Msimbati na vichaka vilivyo nyuma yake vinatutosha.

Mwanga wake ni mweupe na unafika mbali, na kwa kuwa mikono inabaki huru, mmoja unashika fimbo na mwingine unamshika mtoto. Kifutu tuliyemwona alikuwa amejikunja juu ya majani makavu ya mkorosho, na alama zake za mgongoni zenye umbo la V zilionekana waziwazi tukiwa bado mbali, jambo ambalo tochi ya simu isingeliweza.

"Baba, mbona hakimbii?"

Hakimbii kwa sababu hutegemea kutoonekana, na ndiyo maana watu wengi humkanyaga.

Kasoro ipo: mkanda hulegea kwenye kichwa cha mtoto, na kifuniko cha tundu la chaji hakizibi sawasawa, hivyo mchanga huingia. Muuzaji alinibadilishia mkanda bila maneno mengi. Mabuti ya mpira ya saizi ya mtoto, ambayo ni ya lazima kuliko hata tochi, hauzi. Hayo tafuta sokoni.