Uanachama wa National Allotment Society: uzoefu wangu kama katibu wa kikundi cha bustani

Kama kikundi chenu kinalipia uanachama wa National Allotment Society, chama cha taifa cha bustani za kukodi, kwa ajili ya punguzo la bei ya mbegu tu, mnatumia sehemu ndogo sana ya mlichokinunua. Nimeutumia nikiwa katibu wa kikundi cha bustani za kukodi England, na naupa nyota 4 kati ya 5. Karibu zote zinatokana na huduma moja: ushauri wa kisheria kuhusu ardhi.

Kwa asiyezijua bustani hizi, ploti ya kawaida ina ukubwa wa pole 10, yaani karibu mita za mraba 250. Mtu huikodi alime mboga na matunda ya kula nyumbani kwake. Ardhi mara nyingi ni ya halmashauri. Kikundi huikodi nzima, kisha kinagawa ploti na kukusanya kodi. Chama cha taifa kina ofisi mjini Corby na mizizi yake ni ya mwaka 1901. Ni ushirika, kwa hiyo wanachama ndio wenye chama, na kikundi kinapojiunga ada huhesabiwa kwa idadi ya wakulima wake.

Nianze na sheria. Jambo la kwanza linalotakiwa kujulikana ni hadhi ya ardhi yenu. Ardhi ambayo halmashauri iliinunua au kuitenga rasmi kwa ajili ya bustani inalindwa na kifungu cha 8 cha Sheria ya Bustani ya mwaka 1925: haiwezi kuuzwa wala kubadilishiwa matumizi bila idhini ya waziri. Ardhi iliyonunuliwa kwa kazi nyingine, tuseme makaburi, na ikakodishwa kwa wakulima wakati kazi hiyo inasubiriwa, haina kinga hiyo, hata kama imelimwa vizazi vitatu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Tofauti iko kwenye makaratasi. Kwa hiyo kabla ya kuandika swali lolote, tafuteni nakala ya hati ya umiliki kutoka Land Registry (ofisi ya serikali ya usajili wa ardhi), ramani inayoonyesha mipaka, mkataba wenu na barua zake zote, pamoja na mihtasari ya vikao vya halmashauri vya wakati ardhi ilipopatikana. Mihtasari ya zamani mara nyingi huwa kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti. Ukituma malalamiko matupu utapata jibu la jumla, maana hakuna mwanasheria anayeweza kusema zaidi bila hati. Ukituma hati, utajibiwa kuhusu ardhi yenu.

Notisi ndiyo inayowababaisha watu wengi. Sheria ya Bustani ya 1922, kama ilivyorekebishwa 1950, inataka mpangaji wa ploti apewe angalau miezi 12, na notisi iishe tarehe 6 Aprili au kabla, au tarehe 29 Septemba au baadaye. Maana yake ni kwamba mtu hafukuzwi katikati ya msimu akiwa na mazao shambani. Chukua notisi iliyotolewa 1 Machi 2024 ikimtaka mkulima aondoke 31 Mei 2025. Miezi imepita 12, ndiyo, lakini tarehe ya mwisho imeangukia msimuni, kwa hiyo haikidhi sheria. Kosa hili linapita kirahisi kwa sababu kila mtu anahesabu miezi na hakuna anayetazama kalenda. Asiyelipa kodi au anayevunja masharti ana utaratibu wake mwingine, na zipo hali ambazo mwenye ardhi anaruhusiwa kutoa notisi fupi zaidi. Hapo ndipo pa kuuliza kabla kamati haijatuma barua.

Eneo la pili ambalo uanachama unalipa ni muundo wa kikundi chenyewe. Kikundi ambacho hakijasajiliwa si mtu mbele ya sheria, hivyo hakiwezi kushika mkataba wa ardhi kwa jina lake. Wanasaini wadhamini, wasiozidi wanne. Miaka inakwenda, mmoja anahama, mwingine anafariki, hakuna anayebadilisha majina. Mkataba unapokwisha, aliyebaki ni mzee mmoja ambaye siku hizi hata halimi, na kisheria madeni ya kikundi yanaweza kumfuata yeye. Napendelea kusajili kikundi chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika na Manufaa ya Jamii ya 2014. Chama cha taifa kina kanuni za mfano kwa ajili hiyo, na ushauri wangu ni mzichukue kama zilivyo. Kila kifungu mnachokigusa kinaongeza maswali na kazi.

Wanachama watatu wanatosha kisheria kusajili. Itisheni mkutano mkuu, pitisheni azimio na kanuni, kisha mpeleke maombi FCA, mamlaka inayosimamia sekta ya fedha. Cheti kikitoka, fungueni akaunti ya benki kwa jina jipya na mhamishie fedha. Halafu inakuja hatua ambayo vikundi vingi huisahau: usajili hauhamishi mkataba wa ardhi. Mwenye ardhi lazima akubali kwa maandishi kwamba mpangaji sasa ni chombo kipya. Bila hivyo mmepata cheti kizuri na wadhamini bado wamebeba mzigo uleule. Baada ya hapo kuna taarifa ya mwaka na hesabu, ambazo FCA huzitaka ndani ya miezi 7 tangu mwaka wa fedha kufungwa. Mhazini aandike tarehe hiyo siku ileile ya usajili.

Bima inayopatikana kupitia chama inafaa, ila someni inamkinga nani. Bima ya madhara kwa mtu wa tatu inakisaidia kikundi kinapodaiwa fidia, kwa mfano mgeni akijikwaa kwenye njia ya pamoja. Kibanda cha mkulima na vifaa vyake ni jambo jingine. Mashine za kikundi ziorodheshwe kwa namba zake, na kama mnamlipa mtu mshahara, hata wa saa chache, sheria inataka bima ya mwajiri.

Mpango wa mbegu ni mzuri na sina mengi ya kuusemea. Kusanyeni fedha kabla ya kuagiza na mfunge oda mapema, mbegu za viazi zisije zikachelewa.

Jambo ambalo uanachama hauwezi kulifanya ni kuwazalishia ploti. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Mashamba Madogo na Bustani ya 1908 kinawaruhusu wakazi 6 walioandikishwa kupiga kura au wanaolipa kodi ya halmashauri kuiandikia halmashauri wakidai bustani, nayo inalazimika kuyatafakari maombi yao. Ikiridhika kwamba mahitaji yapo, ina wajibu wa kutoa, lakini sheria haitaji muda wa mwisho, na halmashauri za maeneo ya katikati ya London hazimo katika wajibu huo. Chama kitawasaidia kuiandika barua vizuri. Kuifuatilia ni kazi yenu, tena kwa orodha ya wanaosubiri iliyosafishwa: watu waliohama au kuomba mara mbili wakiwa bado humo, halmashauri itaitilia shaka orodha nzima.

Nyota moja nimeibakiza kwa sababu ya kitu ninachokitamani: rejista ya taifa ya viwanja vyote vya wanachama, inayoonyesha kipi kina kinga ya 1925, kipi ni cha muda, na mkataba wa kila kimoja unaisha lini. Kila kikundi kinatafuta hati hizo upya katibu anapobadilika. Zikikusanywa mara moja, chama kitaona hatari miaka kadhaa kabla vikundi havijapiga simu, na kikizungumza na serikali kitakuwa na takwimu mkononi.

Mkijiunga, wekeni barua pepe ya cheo, ya katibu, badala ya anwani ya mtu binafsi. Viongozi wa vikundi hubadilika karibu kila mkutano mkuu, na ankara ya ada ikienda kwa aliyestaafu, bima inaweza kukatika bila mtu kujua. Hesabuni pia wakulima upya kabla ya kulipa, kwa kuwa ada inafuata idadi: ploti ikigawanywa nusu kwa nusu mnakuwa na watu wawili, si mmoja.