Mixxx au VirtualDJ kwenye sherehe ya mtaani?
Zote mbili ni programu za kompyuta za DJ kuchanganya nyimbo. Mixxx ni ya bure moja kwa moja, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na inakubali hata laptopu ya Linux. VirtualDJ ni ya Windows na Mac tu. Nyumbani utaitumia bure, ila ukianza kulipwa lazima ununue leseni.

VirtualDJ inashinda kwa kitu kimoja kitamu: inaondoa sauti ya mwimbaji papo hapo, ukabaki na ala.

Hata hivyo nabaki na Mixxx. Pilau ikifika nawasha Auto DJ, nyimbo zinapokezana zenyewe, mimi nanawa mikono. Ila taarabu ya zamani, ngoma zikipigwa kwa mkono, mwendo hauko sawa. Hapo zima Sync, kile kitufe cha kulinganisha mwendo wa nyimbo, tegemea sikio.