Gurudumu la nyuma likidunda: upepo au bushi?

Ukiachia klachi ya gari la Nissan 350Z ghafla, tairi la nyuma hushika lami, huteleza, hushika tena, huku bushi za mpira (vishikizo laini kwenye maungio ya sehemu za chini ya gari) zikijikunja na kujirudi. Kudunda huko huvunja hata ekseli.

Hapa Nakuru ushauri wa kwanza ni kupunguza upepo. Ni rahisi: geji tu, psi (kipimo cha upepo) mbilimbili. Lakini ukishusha mno, ubavu wa tairi nao hujikunja na gari hudunda zaidi. Na ujaze upya kabla ya kushika barabara ya Nairobi. Tairi laini kwenye mwendo wa kasi hupata joto na kupasuka.

Bushi za poliyurethani (plastiki ngumu kuliko mpira), hasa za difu (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) na fremu ya nyuma, ndizo zinazozuia kujikunja kwenyewe. Gharama ipo: kuzing'oa za zamani kwa presi, kupima alainimenti upya, na mlio wa difu utausikia ukiwa kitini. Mkeo atalalamika.

Kwa gari lililoanza kuundwa 2002, mimi ningeingia chini kwanza. Bushi ya mpira ya difu ikiwa imechanika, upepo hautakusaidia kitu.