Tathmini ya kifurushi cha vipimo vya UTI kwa mwenye kisukari

Maabara tunayoitumia huuza kifurushi chenye vipimo vinne vya damu, yaani CRP na prokalsitonini (protini mbili zinazoongezeka kwenye damu mwili ukipambana na maambukizi), ESR (kasi ya chembe nyekundu kutuama) na hesabu ya chembe nyeupe za kinga, pamoja na kijiti cha kupima mkojo, nayo hukinadi kuwa njia ya haraka ya kutambua UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kwa wenye kisukari. Mama yangu, anayeishi na kisukari cha aina ya pili kwa miaka mingi, amepimwa hivyo mara mbili, na tofauti ya mara hizo mbili ndiyo iliyonisukuma kuwaandikia wanaouguza watu wa hali kama yake.

Mara ya kwanza hakuwa na homa wala maumivu ya kukojoa. Alikuwa amechoka tu. CRP ilisoma miligramu 11 kwa lita, ESR ikasoma milimita 62 kwa saa, na karatasi ya majibu ikaandikwa kwamba ana maambukizi ya njia ya mkojo. Akaanzishiwa antibayotiki siku hiyohiyo. Daktari wake alipoiona karatasi ile alitueleza jambo ambalo maabara ilipaswa kulisema kabla ya kupokea malipo: kisukari chenyewe, hasa kikiandamana na unene, huuacha mwili katika mcharuko (mwitikio wa kinga ya mwili) wa chinichini usiokoma, hivyo CRP yaweza kuzidi kawaida kidogo pasipo maambukizi yoyote. Kipimo cha ESR ni dhaifu zaidi, kwa kuwa hupandishwa pia na umri, upungufu wa damu na ugonjwa wa figo. Kwa kazi hii ningekiondoa kabisa. Tena, hata bakteria wakipatikana kwenye mkojo wa mtu asiye na dalili, kwa kawaida dawa haihitajiki: utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu wanawake wenye kisukari ulionyesha kwamba kuwatibu hakukuwapunguzia madhara ya baadaye.

Mara ya pili kifurushi kilistahili sifa. Mama alishikwa na homa ya kutetemeka na maumivu ya ubavu mmoja kwa nyuma, lakini hakulalamikia mkojo hata kidogo, kwani kisukari kikishadhuru neva za kibofu dalili hizo hufifia. CRP ilifika 170, na prokalsitonini ikapita nanogramu 3 kwa mililita, ilhali kwa mtu mzima wa afya huwa chini ya 0.1. Maambukizi yaliyoishia kwenye kibofu mara nyingi huviacha vipimo hivi karibu na kawaida, lakini yakifika kwenye figo huvipandisha vyote viwili, na kwa sababu hiyo mama alilazwa bila kucheleweshwa. Prokalsitonini huanza kupanda ndani ya saa chache, huku CRP ikichukua takribani siku mbili kufikia kilele, kwa hiyo CRP ndogo ya saa za mwanzo isimtulize mtu. Hata hivyo, figo zilizochoka huweza kuipandisha prokalsitonini zenyewe.

Kasoro inayonisikitisha ni kwamba kuotesha mkojo, yaani kukuza bakteria waliomo ili watambuliwe, hakumo katika bei ya kifurushi. Kijiti hakiwezi kuziba pengo hilo: sukari nyingi kwenye mkojo, ambayo ni kawaida kwa wanaotumia dawa zinazoitoa sukari kupitia figo, hupunguza uwezo wake wa kuonyesha chembe nyeupe, na alama ya naitriti, kemikali inayotengenezwa na baadhi ya bakteria mkojoni, haitokei kwa kila aina ya bakteria. Ni kuotesha mkojo, tulikokulipia kando na kukungojea siku mbili, kulikomtambua bakteria aitwaye E. coli na kuonyesha dawa inayomuua.

Kifurushi hiki nitakilipia tena ikiwa kuna homa, kwa sharti kwamba mkojo wa kuotesha uchukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki. Alipopona kabisa tulimpima CRP peke yake, ikasoma 8; nimeibandika karatasi hiyo kwenye daftari lake la kliniki, ili atakayempima siku nyingine aanzie hapo.