Tahadhari: difu inauzwa kama LSD ya Datsun 1600, kumbe imechomelewa

Wenzangu wa magari ya zamani, hasa mlio na Datsun 1600 na mnasaka LSD (difu inayozuia gurudumu moja la nyuma lisizunguke bure peke yake) hapa Nairobi: kuna muuzaji Kirinyaga Road, ile ambayo mpaka leo tunaiita Grogan, anayeuza difu za kawaida zilizochomelewa spaida (gia ndogo za ndani zinazoruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti) na kuziita LSD. Mimi amenila shilingi 68,000. Jina la duka siliandiki hapa kwa sababu nimesharipoti polisi na nina namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Ninachotaka mjue ni namna alivyonipata, maana jaribio alilonionyesha ndilo ambalo wengi wetu tunaliamini.

Gari lenyewe lilikuwa la marehemu baba, la mwaka 1971. Hapa kwetu Datsun hii haihitaji utambulisho. Edgar Herrmann alishinda Safari Rally kwa 1600 SSS mwaka 1970, na baba hakuchoka kuisimulia. Nimelijenga polepole kwa miaka minne ili niliingize kwenye autokrosi, yaani mbio za njia ya vumbi, na kilichokuwa kimebaki ni difu tu. Ile ya asili ni ya wazi: ukiingia kona ya vumbi, gurudumu la ndani likipungukiwa na uzito linazunguka bure, injini inalia na gari halisongi.

Sikwenda sokoni gizani. Datsun 1600 hutumia difu ya R160, yaani krauni yake (gia kubwa ya ndani) ina kipenyo cha milimita 160, na Subaru nao walitumia R160 kwa miaka mingi. Ndiyo maana sisi huwinda za Subaru, tukijua kwamba flanji (vishikio vya kufungia shafti kila upande) na shafti za pembeni zitahitaji kazi ya fundi kabla hazijakubaliana na Datsun. Nilitaka LSD ya sahani, yaani inayobana kwa sahani za msuguano, yenye uwiano wa 4.44, kwa kuwa injini hii ndogo inahitaji gia fupi ili itoke haraka kwenye kona za polepole.

Kijana wa dukani alinipokea kwa heshima. "Mzee, hii imeshuka kutoka Japani juzi, hata haijafunguliwa." Akashika flanji ya kushoto akaizungusha, na ya kulia ikafuata upande ule ule. "Umeona? Ingekuwa ya kawaida, hii ingeenda kinyume." Alisema kweli. Kwenye difu ya wazi, ukizungusha upande mmoja, wa pili huenda kinyume. Nikatoa simu nikalipa.

Lakini difu iliyochomelewa pia huzungusha pande zote mbili pamoja! Spaida zikishashikana kwa weldi, flanji mbili zinakuwa kama chuma kimoja. Jaribio lile linakuambia kwamba difu si ya wazi. Halikuambii kwamba ni LSD.

Niligundua siku ya kwanza barabarani. Nilitoka gereji Kariobangi nikakata kona kuingia Outering, na nyuma kukaanza kurukaruka, tairi la ndani likipiga kelele kwenye lami kavu. Nikajipa moyo kwamba LSD ya mashindano huwa ngumu. Jioni hiyo, nikigeuza gari mahali pembamba, kikasikika kishindo: kiungo cha hafu-shafti ya kulia kimekatika. Tulipofungua kifuniko cha difu, fundi wangu alinyamaza kwanza, kisha akanipa tochi nijionee. Hakuna sahani wala springi. Kuna spaida za kawaida zilizojazwa weldi, na juu yake zimepakwa grisi nyingi kuficha madoa. Tukahesabu meno ya krauni na ya pinioni, ile gia ndogo inayoizungusha krauni: 39 kwa 10. Hiyo ni 3.9. Ya 4.44 ni 40 kwa 9. Kwa hiyo hata uwiano alinidanganya.

Kuna watu wanaochomelea difu zao kwa hiari, wakijua wanachokifanya, na hilo sina neno nalo. Hasira yangu ni kuuziwa kazi ya weldi kwa bei ya LSD, huku gari likitembea barabara za umma.

Ukienda kununua, nenda na spana ya torki na uombe vaisi. Funga flanji moja kwenye vaisi, kisha zungusha ile nyingine kwa spana. LSD ya sahani iliyo nzima itakataa kwanza, halafu itateleza kwa ugumu ulio sawa mzunguko mzima. Kiwanda kilichoitengeneza huandika kiwango chake. Iliyochomelewa haitateleza kabisa, hata ukining'inia kwenye spana. Ikiteleza kirahisi mno, sahani zimekwisha. Kisha zungusha flanji zote mbili pamoja mzunguko mmoja kamili ukihesabu pinioni: ikizunguka mara nne na karibu nusu ni 4.44, ikikaribia nne tu ni 3.9. Na usikubali kuondoka kabla kifuniko hakijafunguliwa. Mimi niliambiwa nikifungua "waranti inaisha", nikakubali, na hapo ndipo ningeshtuka.

Jingine: R160 nyingi za Subaru zenye LSD ni za aina ya majimaji mazito ya silikoni yaliyofungiwa ndani, si za sahani. Hizo si utapeli zikiuzwa kwa jina lake, ila zikichoka hazifunguliwi zikarekebishwa. Muuzaji akikuambia yake ni ya sahani, muulize inatumia oili gani. Ya sahani huhitaji oili ya difu iliyotengenezwa kwa LSD. Wangu alisema, "Yoyote tu, mzee."

Kuhusu malipo, alidai till (namba ya malipo ya duka) ina shida akanipa namba ya mtu binafsi, na risiti "nitakutumia kesho". Nilipotuma ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 nirudishiwe, sikupata kitu, maana huduma ile ni ya aliyekosea namba. Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na huko ndiko ninakoelekea, lakini bila risiti nimebaki na ujumbe wa M-Pesa na picha tulizopiga gereji. Simu yangu hapokei tena.

Grogan nimenunua spea tangu nikiwa kijana, na waliouza kwa haki ni wengi kuliko huyu. Difu niliyouziwa imepakwa rangi nyeusi inayong'aa, hata boliti za kifuniko. Siku ile mezani kwake kulikuwa na nyingine mbili za rangi hiyo hiyo.