Kompresa ya bei nafuu kwa tairi za baiskeli zisizo na tyubu: tazama tangi kabla ya presha

Anayeendesha baiskeli kwenye njia za vumbi za Arusha na Monduli hahitaji kushawishiwa kuhusu tairi zisizo na tyubu, kwa kuwa mbigili na miiba ya migunga imekwisha kumshawishi. Dawa ya maji inayotiwa ndani ya tairi huziba matundu madogo huku gurudumu likiendelea kuzunguka. Shida iko siku ya kufunga tairi mpya. Kingo zake mbili hazina budi kupanda na kukaa sawasawa kwenye ringi, na hazipandi mpaka upepo uingie kwa mkupuo, kwa kasi inayoushinda ule unaovujia pembeni. Pampu ya kawaida mara nyingi haifui dafu, na hapo ndipo swali la kompresa linapoanza.

Kinachopotosha wanunuzi wengi ni tarakimu ya presha iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Vile vipampu vidogo vya umeme vya volti 12, vinavyochomekwa kwenye gari na ambavyo ndivyo vya bei ya chini kuliko vyote, huandikwa psi 150 (psi ni kipimo cha presha), ilhali tairi pana ya baiskeli ya milimani hutembea vizuri kwa psi 20 hadi 30. Presha hiyo yote haina kazi hapa. Kipampu cha namna hiyo kikitoa lita 35 kwa dakika, hiyo ni zaidi kidogo ya nusu lita kwa sekunde, na tairi iliyolegea kwenye ringi huvujisha kiasi hicho bila taabu. Kwa kuongeza upepo kwenye tairi iliyokwisha kukaa kinafaa sana, lakini kwa kuikalisha sikipendekezi hata kikiuzwa nusu bei.

Tangi ndilo linalofanya kazi. Tairi ya inchi 29 yenye upana wa inchi 2.4 ina ujazo wa takriban lita 5. Tangi dogo la lita 6 lililojazwa hadi bar 8 (bar moja ni kama psi 14.5) limehifadhi lita 48 za upepo wa ziada, ukipimwa kwa presha ya kawaida ya hewa, na likifunguliwa kuelekea kwenye tairi hiyo huku mota imezimwa, kihesabu vyote viwili vingetulia kwenye bar 4 na kitu. Hata nusu ya upepo huo ikipotea pembeni, unaobaki bado ni mwingi kuliko tairi inavyohitaji. Kwa hiyo mwenye baiskeli moja, anayeishi kwenye nyumba ya kupanga isiyo na nafasi, asione aibu kununua ya lita 6. Ya lita 24 huhifadhi lita 192 kwa presha hiyohiyo, na faida yake ni kwamba jaribio la kwanza likishindikana, la pili na la tatu hufanyika bila kusubiri mota ijaze upya. Ya lita 50 ni ya mtu mwenye gereji au anayepiga rangi.

Ninayoitumia ni ya lita 24, inayotumia mafuta ya kulainisha, chapa isiyo na jina kubwa. Nimeridhika nayo, ingawa si kwa kila kitu. Mota yake huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika na kelele yake haivumiliki ndani ya nyumba. Zisizotumia mafuta za bei ya chini hupiga kelele zaidi, isipokuwa zile zenye mota ya mizunguko 1,400 hivi, ambazo ni tulivu lakini bei yake hupanda. Geji iliyokuja na bunduki ya kujazia husoma tofauti na geji yangu ya mkononi kwa psi 4 hivi. Kwa gari, hilo ni jambo dogo, lakini kwa tairi ya baiskeli inayotakiwa psi 22 ni tofauti inayosikika kwenye usukani, hivyo geji ya pembeni ihesabiwe kuwa sehemu ya gharama.

Gharama nyingine ni vichwa vya kuunganishia. Bunduki nyingi hutengenezwa kwa valvu ya Schrader, ile ya magari na pikipiki, wakati ringi nyingi za baiskeli zisizo na tyubu zina valvu nyembamba ya Presta. Kipo kichwa kidogo cha shaba kinachounganisha hizo mbili, lakini tundu lake ni jembamba na hupunguza mkupuo. Ninavyofanya mimi ni kufungua kiini cha valvu, kupaka maji ya sabuni kwenye kingo, kisha kubana bunduki ya kupulizia vumbi yenye ncha ya mpira moja kwa moja kwenye valvu iliyobaki wazi. Povu hutoka pande zote, hupungua, halafu husikika milio miwili mikali, pah, pah, na ukingo unakuwa umekaa. Kabla ya kubonyeza, regyuleta, yaani kidhibiti cha presha cha kompresa, iwekwe chini ya kikomo kilichoandikwa kwenye tairi au ringi, kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Ringi zisizo na ndoano pembeni, yaani mdomo unaoshika ukingo wa tairi, hazitakiwi kuzidi bar 5. Dawa huingizwa baadaye kupitia valvu hiyohiyo.

Anayebadilisha tairi mara moja au mbili kwa mwaka hana haja ya kununua. Anunue kichwa cha shaba na kwenda kwa fundi wa tairi za magari, mwenye tangi kubwa kuliko yote niliyoyataja, mradi amwombe asifungulie kwa nguvu zote.

Kwa atakayenunua, mota hizi huvuta umeme mwingi zinapowaka, na ekstensheni ndefu na nyembamba huzifanya zigome au ziungue. Ni heri kurefusha mpira wa upepo kuliko waya. Mafuta yaangaliwe kwenye kioo chake. Kila baada ya kazi, koki iliyo chini ya tangi ifunguliwe ili maji yatoke, hasa Dar es Salaam na Tanga, ambako hewa yenye unyevu hutoa maji ya rangi ya kutu mapema kuliko mtu anavyotarajia.